Ng'oeni Diski, Acheni Waya

Hotuba kwa walimu wa TEHAMA na mafundi wa kompyuta, Dodoma

Walimu wenzangu, mafundi, na nyie wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma mkidhani siwaoni: mbukwenyi!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Afadhali, maana tunakwenda kufungua tumbo la kompyuta, na kazi hiyo haifai kwa mwenye njaa.

Nianze kwa kuungama. Kwa miaka mitatu, kazi yangu katika chumba cha kompyuta cha shule moja pembezoni mwa mji huu ilikuwa kupiga Windows, yaani kuiweka upya. Jumatatu napiga mashine ya nne, Jumatano ya kumi na moja, Ijumaa nimerudi kwenye ya nne tena, kwa sababu kuna kijana kachomeka flashi iliyozunguka mtaa mzima, na flashi yenyewe ina abiria wengi kuliko daladala ya jioni. Mkuu wa shule akipita ananikuta nimeinama, bisibisi mkononi, ananiambia, "Fundi, pole na kazi." Nami naitikia, "Asante, mkuu." Kumbe sikuwa na kazi, nilikuwa natwanga maji.

Likizo moja nikakaa na daftari la matengenezo, nikalisoma kama mtu anayesoma barua ya deni. Karibu kila mstari ulikuwa na neno lile lile. Diski haisomeki. Diski inalia. Virusi. Mfumo haupandi baada ya umeme kukatika. Faili za mfumo zimeharibika. Prosesa iliyokufa sikuiona hata moja. RAM (kumbukumbu ya muda) mbovu ilikuwepo moja, na hata hiyo nilipoichomoa na kuifuta ilirudi kazini.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ndilo limenileta mbele yenu. Maabara zetu haziuawi na uzee wa kompyuta. Zinauawa na diski, na hasa na kuwa na diski thelathini za kutunza wakati fundi ni mmoja.

Fikirini mazingira yetu. Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, hapa Dodoma ni upepo na vumbi. Unafuta meza asubuhi, saa sita unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Feni ya kompyuta inavuta vumbi hilo siku nzima, joto linapanda. Kisha umeme unakatika wakati mashine thelathini zinaandika kwenye diski zao. Na mashine zenyewe ni za mtumba (mtumba wa mnadani, si Mtumba kule kwenye wizara), kwa hiyo diski zake zilishazunguka miaka mingi huko zilikotoka kabla hazijapanda meli. Unategemea nini?

Basi nikazing'oa. Zote. Mashine zote zikawa zinawaka kupitia waya wa mtandao, kutoka kompyuta moja kuu iitwayo seva. Watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Sasa swali linalonijia kila mara: kompyuta isiyo na diski inawakaje? Chukueni mfano wa mgeni aliyeshuka stendi ya Nanenane saa nane za usiku. Hamjui mtu, hana pa kulala. Alicho nacho ni kitambulisho tu, ile namba ya MAC iliyoandikwa kwenye kadi ya mtandao tangu kiwandani. Mgeni huyo anapiga hodi. Na kwa kuwa hajui nyumba ipi ni ya nani, anapiga hodi kwa wote kwa pamoja, kwenda 255.255.255.255, maana yake "yeyote anisikiaye". Hodi hiyo ndiyo DHCP. Seva inasikiliza kwenye mlango (namba ya huduma) wa 67, mgeni anasubiri jibu kwenye mlango wa 68. Seva inamjibu: karibu, utakaa 192.168.67.25, na ukitaka chakula nenda kwa 192.168.67.1 ukaombe faili lenye jina hili.

Anayejua kupiga hodi hiyo ni programu ndogo ndani ya kompyuta yenyewe, inaitwa PXE. Intel waliitoa katika muundo tunaoutumia mwaka 1999. Maana yake kompyuta nyingi zilizoko kwenye stoo zenu tayari zina uwezo huu, na hakuna aliyewahi kuugusa. Umekaa humo kama uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma: upo, umeandikwa, kila mtu anaujua, na safari yenyewe tukaja kuiona kuanzia 2016. (Mheshimiwa pale mbele ametabasamu, kwa hiyo naendelea.)

Mgeni akishapata anwani anakwenda mlango wa 69 kuomba faili kwa TFTP. Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. TFTP ni itifaki (utaratibu wa mashine kuzungumza) ya mwaka 1981, na inatembea kizee. Inatoa kipande cha baiti 512, inasimama, inasubiri uitikie kwamba umepokea, ndipo inatoa kingine. Keneli (kiini) ya Linux, mfumo tunaoutumia badala ya Windows, pamoja na initrd yake (faili la kuanzishia) zikiwa MB 80, hivyo ni vipande 163,840, na kila kimoja kinasubiri kuitikiwa. Kwa mashine moja utavumilia. Kwa darasa zima, kipindi kitaisha wanafunzi wanatazama skrini nyeusi.

Kwa hiyo mzee huyu hatumpi gunia zima abebe. Tunamtuma alete kitu kidogo kisichofika hata MB 1, kinaitwa iPXE. iPXE ikishaamka ndiyo inayobeba mzigo, kwa sababu inajua kuomba vipande vikubwa zaidi, na ukitaka inajua hata HTTP. Inaleta keneli, inaleta initrd, inazikabidhi kwa kompyuta, halafu inaondoka. Kuanzia hapo ni Linux yenyewe inayofanya kazi, na inachotafuta ni mahali mfumo wake ulipo. Badala ya kuutafuta kwenye diski ya ndani, inaufuata kwenye seva kwa njia ya NFS, inayosoma folda za kompyuta nyingine kupitia mtandao.

NFS ilitoka Sun Microsystems mwaka 1984. Enzi hizo diski ilikuwa ghali, na Sun waliuza kompyuta zisizo na diski kwa sababu ya bei. Sisi tunapita njia ile ile kwa sababu nyingine. Diski leo unaipata; usichokipata ni mtu wa kuzilea thelathini.

Mwalimu mmoja aliniuliza: kama mashine zote zinasoma mfumo mmoja, mwanafunzi mmoja akiuharibu si atakuwa ameharibu wa wote? Swali zuri sana. Jibu ni kwamba hawezi, kwa sababu mfumo ule unasomwa tu, hauandikwi. Umefungwa katika faili moja kubwa la aina ya squashfs, limebanwa. Juu yake kila kompyuta inatandika karatasi laini ndani ya RAM yake, kwa kitu kiitwacho overlayfs, kilichoingia rasmi kwenye keneli ya Linux toleo la 3.18 mwaka 2014. Mwanafunzi akibadilisha picha ya mezani, akifuta programu, akileta uchafu wake kwenye flashi, yote anaandika juu ya karatasi ile. Akizima, karatasi imekwenda. Kesho asubuhi kompyuta inaamka kama haijawahi kuonana naye. Kazi zake halali, barua aliyoandika na jedwali alilochora, zenyewe zimehifadhiwa kwenye folda yake kule kwenye seva. Akihama kiti anazikuta.

Tangu siku hiyo sijapiga Windows. Bisibisi yangu nimempa mtoto wa dada yangu.

Programu za kufanya haya hazinunuliwi. Mimi natumia LTSP, mradi wa kuwasha kompyuta kutoka seva, ulioanzishwa na Jim McQuillan huko Marekani mwaka 1999, na ulioandikwa upya kuanzia 2019. Unachukua kompyuta moja nzuri, unaweka Debian au Ubuntu (ni aina za Linux) kama unavyoweka popote, unaweka LibreOffice, kivinjari, na programu za kuchapa unazotaka darasa lizione. Kisha unaweka ltsp, dnsmasq inayoitikia hodi, na nfs-kernel-server inayogawa mfumo kwa NFS. Amri ya `ltsp image /` inaugeuza mfumo wa seva yenyewe kuwa lile faili moja ambalo mashine zote zitalisoma. Zinafuata `ltsp ipxe`, `ltsp nfs`, `ltsp initrd` na `ltsp dnsmasq`, nazo zinakuandalia yaliyobaki. Ukitaka kuongeza programu kwa darasa zima unaiweka kwenye seva mara moja, unarudia `ltsp image /`, unaambia watu wazime na kuwasha.

Ile `ltsp initrd` naomba muiandike kwa kalamu nyekundu. Nilisajili kidato cha kwanza wote, majina na nywila, jioni ile ile nikaenda zangu nyumbani kifua mbele. Asubuhi hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia, na kidato cha pili wanaingia bila shida. Sababu ni kwamba orodha ya watumiaji inasafiri kwenda kwenye mashine ndani ya kifurushi kinachotengenezwa na amri hiyo. Ukiongeza watu bila kuirudia, kompyuta haziwajui. Dakika moja ya kazi, na mimi nilipoteza vipindi viwili nikilaumu nywila.

Lakini hilo ni dogo. Niwasimulie kubwa.

Maabara ilikuwa imetulia miezi. Asubuhi moja nusu ya mashine zinawaka, nusu zinagoma. Ukizima zote na kuwasha tena, nusu inabadilika: iliyokuwa inawaka inagoma, iliyogoma inawaka. Kama kuna jini, basi lilikuwa jini lenye mpangilio. Nikalaumu waya, nikakrimpi upya vichwa kumi na viwili. Nikalaumu swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za maabara, nikaazima nyingine. Siku ya pili jioni, nimechoka, ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya dakika ya kwanza. Nikakaa kwenye seva nikaandika `tcpdump -n port 67 or port 68`, amri inayoonyesha hodi na majibu yanayopita kwenye waya, nikamwambia kijana mmoja awashe kompyuta moja tu.

Hodi ikapigwa. Wakaitikia wawili.

Wa kwanza ni seva yangu. Wa pili ni anwani nisiyoijua. Nikafuata waya kwa mkono, kutoka swichi ya maabara, ukutani, dirishani, mpaka ofisini, chini ya meza ya katibu muhtasi. Pale kulikuwa na ruta mpya ya intaneti, na mtu mwenye nia njema alikuwa ameivutia maabara waya ili watoto wapate mtandao. Ruta nayo inagawa anwani, hiyo ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba ikijibu hodi mapema kuliko seva, inatoa anwani lakini haisemi faili la kuwakia liko wapi. Mgeni amepewa kitanda, hajaelekezwa jikoni.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, seva iwe na kadi mbili za mtandao: moja inatazama ruta, nyingine inatazama maabara peke yake, na huko maabara seva ndiyo mwenyeji pekee. Kwa LTSP unaipa kadi ya ndani anwani 192.168.67.1 na kuandika `ltsp dnsmasq --proxy-dhcp=0`. Ya pili, kama huwezi kutenganisha, ruhusu ruta iendelee kugawa anwani, na dnsmasq iongezee tu maneno ya wapi pa kupata faili. Ndiyo maana ya hiyo proksi ya DHCP, na LTSP huanza nayo usipoigusa. Mimi naipenda ya kwanza, kwa sababu ya pili inaniacha nikitegemea kifaa ambacho mtu yeyote anaweza kukibadilisha bila kuniambia. Halafu TFTP haiulizi nywila. Yeyote aliyechomeka waya anaweza kuomba chochote kilichowekwa pale, kwa hiyo bora mtandao wa maabara uwe na ukuta wake.

Mafundi wa swichi zile kubwa za kusimamiwa, nina neno lenu. Swichi hizo zina ulinzi wa kuzuia mtandao usijizungushe, unaitwa spanning tree. Mlango wa swichi, yaani tundu la waya, ukiona kompyuta imewashwa unakaa sekunde 15 unasikiliza, sekunde 15 nyingine unajifunza, ndipo unaruhusu kupita. Nusu dakika. Hodi ya kompyuta inapigwa wakati mlango bado umefungwa. Inaweza hata kutokea PXE ikapita halafu iPXE ikakwama, kwa sababu iPXE ikiamka huenda ikaigusa kadi upya na mlango ukaanza kuhesabu tena. Kwenye milango inayokwenda kwa kompyuta za wanafunzi, washeni ule mpangilio wa portfast. Ule wa kwenda kwenye swichi nyingine muuache kama ulivyo. Wenye swichi za kawaida za dukani zisizo na akili, hilo haliwahusu. Mara nyingine ujinga ni baraka.

UEFI na BIOS, programu za ndani zinazoiamsha kompyuta, nitapita haraka. Kompyuta za zamani ni BIOS, za karibuni ni UEFI, na kila aina inataka faili lake la iPXE. Kompyuta ikipiga hodi inajitambulisha kwa namba katika chaguo la 93 la DHCP: 0 ni BIOS, 7 ni UEFI ya biti 64. LTSP inalijua hilo, lakini ukiandika dnsmasq kwa mkono wako usilisahau. Na zile zenye ulinzi wa Secure Boot, mimi nauzima, kwa sababu iPXE ninayoitumia haina saini inayotakiwa. Laptopu za Wi-Fi peke yake, sahauni. Jambo hili ni la waya.

Sasa hesabu ya waya, maana hapa ndipo bajeti inapoharibika. Tuseme kila kompyuta inasoma MB 300 kutoka seva mpaka ifike kwenye dirisha la kuingilia. Kompyuta 30 ni GB 9. Waya wa kutoka seva kwenda swichi ukiwa wa megabiti 100, unapitisha kama MB 11 na nusu kwa sekunde, kwa hiyo darasa zima linasubiri dakika kumi na tatu. Waya huo huo ukiwa wa gigabiti, ni kama dakika moja na robo. Mmeona? Siyo lazima kila kompyuta iwe na kadi ya gigabiti. Kinachotakiwa ni mlango mmoja wa gigabiti kwenye swichi na kadi ya gigabiti kwenye seva. Milango mingine inaweza kubaki ya 100. Fedha iliyobaki nunueni RAM. Seva ikiwa na RAM ya kutosha, inalisoma lile faili la mfumo kwenye diski mara moja, nakala inabaki kwenye kumbukumbu, na mashine ya pili mpaka ya thelathini zinahudumiwa kutoka hapo. Kompyuta za wanafunzi zipeni angalau GB 2. Kwa GB 1 barua itaandikika, lakini fungua kurasa nne za kivinjari uone itakavyoganda.

Na umeme? Zamani nilitaka UPS (betri za akiba) thelathini, nikaomba, nikachekwa. Leo ninayo moja, ya seva na swichi. Umeme ukikatika, mwanafunzi anapoteza sentensi aliyokuwa hajahifadhi, basi. Mashine yake haina kilichokuwa kinaandikwa mpaka kiharibike.

Nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Jambo hili lina ubaya wake, na ni huu: seva ikilala, wote mmelala. Diski thelathini zilikuwa zinakufa moja moja. Seva inakufa mara moja na mkaguzi yupo mlangoni. Kwa hiyo seva yangu ina diski mbili zinazoandika kitu kimoja kwa pamoja, na kuna kompyuta ya pili kabatini yenye lile faili la mfumo na nakala ya folda za wanafunzi, ninayoisasisha kila Ijumaa. Nimejaribu kuhamia kwenye hiyo ya pili mara tatu bila kuwa na dharura, nikiwa nimetulia, ili siku ya dharura mikono iwe inajua njia. Anayetaka kuanza jambo hili bila hiyo kompyuta ya pili, mimi simshauri.

Kuhusu Windows, najua mzee pale ameinua mkono tangu nilipoanza. Inawezekana kuiwasha kwa mtandao, kwa njia iitwayo iSCSI, lakini leseni na usumbufu wake vimenishinda, na sitaki kuwafundisha kitu ambacho mimi mwenyewe nimekikwepa. Kanuni ya kujumlisha safu katika LibreOffice Calc ni ile ile ya Excel. Wanafunzi wangu wanavuka kutoka huku kwenda kule bila kuomba ruhusa.

Maneno yatoshe. Hapa mezani kuna kompyuta sita, na diski zake hizi hapa, kwenye mfuko huu wa rambo. Mama uliyesema hujawahi kugusa BIOS, njoo ukae kwenye hii ya kwanza. Washa, halafu bonyeza F12 mfululizo, usiionee huruma. Chagua mstari wenye neno network. Wengine mtazame skrini kubwa, nimeweka tcpdump ili muione hodi ikipigwa. Ikitokea anwani inayoanza na 192.168.67, tuko nyumbani. Wakiitikia wawili, basi mlango ufungwe na asitoke mtu mpaka tujue ni nani humu ndani kachomeka ruta.